Mtu wa sauti

Mpwa wangu alifika kwangu South B, Nairobi, Jumapili mchana, wali wa nazi ukiwa bado haujakauka jikoni. Kabla hajavua viatu akaniuliza kama ile diski yangu ya terabaiti mbili ingali nzima. Huyu mtoto wa dada yangu amelelewa Kongowea, Mombasa, hawezi kuingia nyumba ya mtu bila salamu ndefu. Nikajua kuna jambo.

"Diski ya nini?"

"Naenda Goma, Mama Mdogo."

Alivyolisema, ungedhani anakwenda Thika kununua nanasi.

Ilikuwa tarehe 9 Februari 2025. Waasi wa M23 walikuwa wameingia Goma, mashariki mwa Kongo, hazijatimia hata wiki mbili. Uwanja wa ndege wa huko ulikuwa umefungwa, kwa hiyo alikuwa amepanga basi hadi Kampala, basi jingine hadi Kigali, gari dogo mpaka Gisenyi, halafu avuke mpaka kwa miguu na mkoba wake mgongoni. Pikipiki aliyokuwa akipelekea watu chakula mitaani alikuwa ameshaiuza. Kwa pesa zile alikuwa amenunua kamera ya mtumba kwenye duka moja la Moi Avenue, lenzi mbili, na betri tatu ambazo nilizitazama nikaona moja imefura tumbo kama mtoto mwenye minyoo. Nikamwambia hiyo asiiweke kwenye kamera wala kwenye basi.

Ana miaka 24. Hakuna shirika lililomtuma wala barua ya mhariri. Hana bima. Alikuwa na namba ya simu ya kijana wa Goma waliyekutana naye mtandaoni, basi.

Sikumwambia asiende. Nimelipa kodi ya nyumba miaka 22 kwa vita vya watu wengine, sina uso wa kumkataza mtu. Kuanzia 2001 hadi 2023 nilikuwa mhariri wa video katika shirika moja la habari hapa Nairobi, zamu ya usiku zaidi ya ya mchana. Kazi yenyewe ukimweleza mtu haina sifa. Unakaa kwenye chumba kisicho na dirisha, unawekewa kanda ya dakika 30 au 60, unatakiwa kutoa dakika mbili ambazo stesheni za dunia nzima zitaweza kuzionyesha watu wakiwa mezani. Hujawahi kukanyaga Mogadishu lakini unaijua njia kutoka hospitali ya Medina hadi sokoni Bakara kuliko unavyoijua Embakasi.

Na kitu cha kwanza unachokitoa ni yule aliyepiga picha.

Simaanishi jina lake, hilo halikuwemo tangu mwanzo. Namaanisha sauti yake. Kwenye kanda mbichi, mtu unayemsikia kuliko wote ni yule usiyemwona. Anahema. Anakohoa. Anameza mate. Kuna anayeomba, kuna anayetukana, kuna mmoja aliyekuwa akihesabu polepole kwa Kiamhari, moja mpaka kumi, kila anapotaka mkono utulie. Pumzi ya mtu aliyetoka kukimbia hupanda juu ya kila kitu, mpaka mlio wa bunduki wenyewe unasikika kwa mbali kama mtu anayepiga misumari nyumba ya pili. Sasa mhariri anafanya nini? Anaiteremsha. Anachukua sauti safi ya mahali pengine, kelele za mtaa tu, anaitandika juu ya ile pumzi kama unavyofunika doa la mchuzi kwa kitambaa. Mtazamaji anaona picha iliyotulia, anadhani kamera imejiendea yenyewe.

Nilikuwa hodari sana wa kazi hiyo.

Miaka yangu ya mwanzo kanda za Somalia zilifika kwa ndege za miraa. Ndege inaondoka Wilson alfajiri na magunia, inarudi na abiria wachache na bahasha za kaki zenye kanda ndogo za DV ndani, na kanda zenyewe bado zinanuka miraa. Kulikuwa na mpiga picha mmoja wa huko ambaye kanda zake zilinijia mimi mara nyingi kuliko mwenzangu yeyote. Sikumjua sura. Nilijua anasema "Bismillahi" kila anapobonyeza kitufe cha kurekodi, chini chini, kama mtu anayeanza kula. Nilijua ana kikohozi kikavu cha mara mbili, kwanza kifupi, cha pili kirefu. Nilijua akiogopa sana huwa hahemi kabisa, inapita sekunde 20 kimya, halafu pumzi inamtoka yote kwa mkupuo. Wakati huo lazima nikate, maana picha nayo inaruka.

Kwa miaka minne nilimfuta mtu huyo karibu kila wiki. Akilini mwangu nilikuwa nimempa miaka 50 na kipara.

Mwaka 2006, Mahakama za Kiislamu zilipokuwa zimeshika mji wa Mogadishu, alikuja Nairobi kwa matibabu ya jicho. Hakuna aliyenijulisha. Nilikuwa nimeketi mkahawani Eastleigh na dada mmoja wa hesabu, tunangoja wali na nyama ya ngamia, nikasikia nyuma yangu kikohozi. Kifupi, kirefu. Nikageuka kabla sijafikiri. Kijana mwembamba, shati limepigwa pasi, jicho moja lina bandeji. Ana miaka 23! Maana yake alianza kuniletea kanda akiwa na 19. Nilisimama pale nikamtajia jina lake, naye akanitazama kama anayetazama jini. Nikamwambia mimi ndiye ninayehariri kazi yako. Akauliza swali moja tu: "Zinafika zote?" Sikujua nimjibu nini. Zilifika zote, dakika mbili mbili.

Siku hizi yuko Minneapolis, anaendesha lori. Hunitumia picha za theluji. Sijawahi kumwambia kuhusu kikohozi.

Hebu nirudi kwa mpwa wangu, maana wali ulikuwa unaungua.

Tulipokwisha kula nilimwambia anipe kadi ya Juni 25. Wasomaji wa Nairobi hamhitaji kuelezwa. Kwa wengine: ni siku ya 2024 ambayo vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliingia bungeni, polisi wakafyatua risasi za moto, watu wakafa, na kesho yake rais akasema hatautia saini. Mpwa wangu alikuwa mjini na kamera ya kuazima. Alirudi na dakika 47. Alizipeleka kwa kampuni moja ya video nisiyoitaja, wakatumia sekunde 9, wakamlipa shilingi 4,000 baada ya miezi mitatu ya kupigiwa simu, na jina lake halikuonekana popote. Hata hivyo zile sekunde 9 zilimpa kichwa. Ndizo zilizouza pikipiki.

Nikaichomeka kadi kwenye kompyuta yangu. Nikamvalisha hedifoni, zile kubwa za kufunika masikio yote, nikageuza skrini ikaangalia ukuta.

"Mbona sioni?"

"Sikiza tu."

Nilichagua kipande cha dakika nne, pale watu wanapogeuka kukimbia kutoka upande wa Bunge. Nilikuwa nimeshakisikiliza mwaka jana, peke yangu. Milio ya risasi ni sita. Firimbi, vuvuzela, mwanamke anamwita mtu aitwaye Brian au Ryan. Juu ya hayo yote kuna kitu kama msumeno wa mbao, hrrr, hrrr, hrrr. Halafu sauti nyembamba inaanza kusema "mama, mama, mama, mama", bila kituo, kama mtoto aliyepotea sokoni.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akavua hedifoni akazilaza mezani taratibu.

"Yule anayelia mama ni nani?"

"Ni wewe."

"Si mimi."

"Rudisha usikie. Maikrofoni iko juu ya kamera. Kutoka pale hadi mdomo wako hazifiki sentimita 20."

Hakurudisha. Akaniuliza kama kuna chai. Nikamtilia, akanywa bila sukari, na huyu ni mtoto wa vijiko vinne.

Nilitaka asikie hivyo kwa sababu kuna kitu ambacho hawa vijana hawakiulizi, nao si wa kulaumiwa, hawajakiona. Wanauliza ni kamera gani, ni lenzi gani, posho ya siku ni kiasi gani. Hawaulizi mtu wa sauti alikwenda wapi.

Zamani hizo mpiga picha hakwenda peke yake. Kamera ya Beta ilikuwa mzigo wa bega, na sauti ilichukuliwa na mwenzake aliyebeba mashine yake kiunoni na maikrofoni kwenye fimbo, wawili wameunganishwa kwa waya. Waya ule ulikuwa kama kamba ya mbuzi. Mmoja akikimbia, lazima na wa pili akimbie. Mpiga picha ana jicho moja ndani ya kitundu cha kamera, jingine amelifumba, upande mzima wa dunia haupo kwake. Akirudi kinyumenyume anashikwa mkanda wa suruali na mtu wa sauti, anaambiwa ngazi, shimo, gari kushoto, twende, basi inatosha. Mtu wa sauti ndiye aliyekuwa na macho mawili. Na kwa sababu maikrofoni yake ilikuwa mbali na mdomo wa mwenzake, pumzi haikusikika sana. Kanda za siku hizo ni safi. Ukiniwekea kanda nimefumba macho nitakwambia kama ilipigwa na watu wawili au mmoja.

Kila mtu Nairobi anamjua Mohamed Amin. Mzaliwa wa hapa hapa, alipiga picha Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 akiwa na miaka 20, na mwaka 1984 picha zake za njaa kutoka Korem, Ethiopia, ziliamsha dunia. Wanajua pia alikatika mkono Addis Ababa, Juni 1991, ghala la silaha lilipolipuka siku chache baada ya utawala wa Mengistu kuanguka, kwamba alirudi kazini na mkono wa bandia, na kwamba alikufa 1996 kwenye ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaanguka baharini Komoro. Sasa waulize John Mathai ni nani. John Mathai ndiye aliyekuwa akimshikia sauti siku ile ya ghala. Alifia hapo hapo.

Mogadishu, tarehe 12 Julai 1993, nilikuwa darasa la nane, sikujua lolote. Nimeyajua kwa wakubwa zangu wa kazini, walioyasema kila mwaka tarehe hiyo na chai mkononi. Helikopta za Marekani zilipiga nyumba ambamo watu wa Jenerali Aidid, mbabe wa vita wa huko, walikuwa wamekutana. Waandishi wakafuata kupiga picha za maiti na majeruhi, na umati uliokuwa umejaa uchungu ukawageukia wao. Wanne hawakurudi: Dan Eldon, kijana aliyekulia Nairobi, miaka 22, Hansi Krauss, Mjerumani, Hos Maina, mpiga picha wetu, na Anthony Macharia, mtu wa sauti. Mwenzao Mohamed Shaffi alichomoka na majeraha. Eldon ameandikiwa mengi, na anastahili. Hayo ya Macharia ukiyatafuta utapata mistari miwili mitatu, jina lake likiwa la mwisho kwenye orodha, kama nilivyoliweka mimi hapo juu.

Halafu zikaja kamera ndogo. Mwishoni mwa miaka ya 90 mashirika yaligundua kwamba kijana mmoja mwenye DV anafanya kazi ya watu wawili kwa mshahara wa nusu mtu. Mtu wa sauti akaondolewa kwenye bajeti kimya kimya. Ofisini kwetu tulikuwa nao watano nilipoingia, 2008 amebaki mmoja, naye alifanywa dereva. Nilishuhudia na sikusema kitu. Kwangu mimi ilimaanisha pumzi nyingi zaidi za kufuta, na saa za ziada.

Ndiyo maana vita vya sasa vinasikika vile vinavyosikika. Tarehe 13 Oktoba 2023, kusini mwa Lebanoni, Issam Abdallah, mpiga picha wa shirika la habari la Reuters, alikuwa ameisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, inarusha moja kwa moja picha za mlima upande wa pili wa mpaka. Kombora la kifaru cha Israeli likamuua pale pale. Kamera haikuzimika. Waliokuwa wakiitazama walisikia kishindo, moshi ukajaa, kisha sauti ya mwanamke akipiga mayowe kwamba hahisi miguu yake. Hakuna mhariri kati yao na sauti ile. Nilikuwa nimestaafu miezi minne, nimekaa kwenye kochi hili hili, na mkono wangu wa kulia ulikwenda wenyewe kutafuta kitufe cha kuteremsha.

Gaza sitaiandika leo. Waandishi wa nje wamefungiwa mlango, wanaopiga picha ni watoto wa pale pale, wanapiga nyumba zao wenyewe, na zaidi ya 150 wameshauawa. Nikianza hilo sitamaliza.

Lakini jina moja nilimtajia mpwa wangu, kwa sababu linamhusu moja kwa moja. Christopher Allen. Alikuwa mwandishi wa kujitegemea, alifuatana na waasi wa Sudan Kusini hadi Kaya, karibu na mpaka wa Uganda, akapigwa risasi tarehe 26 Agosti 2017 akiwa anapiga picha. Alikuwa na miaka 26. Mtu wa kujitegemea akifa, hakuna ofisi ambayo kiti chake kimebaki wazi, ni wazazi ndio wanaogeuka kuwa ofisi. Wanaandika barua, wanaomba uchunguzi, wanapiga simu balozi hadi balozi. Nikamuuliza mpwa wangu: mamako anajua kuandika barua kwa ubalozi?

"Mama Mdogo, hiyo si haki."

Si haki, ni kweli. Lakini niliisema.

Basi nikampa masharti mawili. La kwanza lilikuwa la toniketi, ule mshipi wa kufungia mguu au mkono damu isitoke. Mwaka 2014, baada ya shambulio la magaidi kwenye jengo la maduka la Westgate hapa Nairobi, ofisi ilitupeleka sote mafunzo ya siku tatu, hata sisi wa chumba kisicho na dirisha. Westgate ilikuwa imewafunza wakubwa kwamba mstari wa mbele unaweza kuwa Westlands, Jumamosi mchana, kwenye jengo ambamo mhariri wako amekwenda kununua maziwa. Watu 67 waliuawa pale. Mkufunzi wetu alikuwa mwanajeshi mstaafu, mpole ajabu, na alitufunza kwamba mtu anaweza kumalizika kwa dakika chache damu ikitoka kwenye paja, kwa hiyo hakuna muda wa kutafuta ulikoiweka toniketi. Inakaa nje ya fulana, mahali ambapo mikono yote miwili inafika. Na unaandika saa uliyofunga, hata kwenye paji la uso wa mgonjwa kama huna karatasi.

Yangu bado ninayo. Nikazima taa ya jikoni, nikamkalisha sakafuni, nikamwambia: mkono wa kulia umekufa, funga paja kwa wa kushoto. Mara ya kwanza alichukua dakika mbili na zaidi, akaangusha sufuria. Mara ya pili akaifunga juu ya simu iliyokuwa mfukoni, na hapo haikazi. Mara ya tano au ya sita nilihesabu sekunde 38. Jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Nilipowasha taa kijana alikuwa anatoka jasho na paja lina alama nyekundu, anacheka, na mimi nilikuwa nimeshika ukuta.

Sharti la pili: hutakwenda peke yako. Tafuta mtu wa sauti.

Alidhani natania. Akaniambia siku hizi hakuna, akaniambia maikrofoni yake ni nzuri, Mjapani huyu, akaniambia na pesa je. Nikamwambia diski ya terabaiti mbili ninayo, na ya terabaiti nne ninayo, na ile fulana ya kuzuia risasi ya kukodi, ile yenye vibao ambayo ukiivaa ni kama umebeba ndoo ya maji kifuani, nitailipia. Mbili. Kwa mtu mmoja silipi hata shilingi.

Ilimchukua siku nne. Alimpata mtaa wa Umoja, rafiki yake wa shule ambaye ana studio ya muziki chumbani kwake, amebandika trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, anarekodi vijana wa gengetone kwa shilingi 1,500 wimbo. Mashine ya kurekodi anayo, fimbo walitengeneza kwa mti wa brashi ya kupakia rangi. Kijana mnene, mtaratibu, hasemi sana. Nilimpenda alipoingia, maana kitu cha kwanza alichofanya ni kusimama mlangoni akasikiliza friji yangu, akaniambia, "Mama, mota ya hii inaenda kufa." Ikafa Machi.

Niliwafanyia mazoezi uani, kati ya magari ya majirani. Mmoja na kamera jichoni, anarudi kinyumenyume, mwingine amemshika mkanda. Askari wa geti alidhani tunafanya filamu ya mapenzi. Dada yangu alipiga simu kutoka Mombasa usiku ule, hakusema mengi. Aliniuliza, "Umemruhusu?" Nikasema ameshakata tikiti. Akanyamaza, halafu akaniambia nimwekee tende na kashata mkobani, na akakata. Hajanipigia tena mpaka leo, anamtumia binti yake.

Waliondoka Jumatatu jioni.

Juzi nilipokea kipande cha kwanza kwa simu, dakika tatu na sekunde kidogo. Kimepigwa nje ya Goma, kwenye moja ya zile kambi za wakimbizi ambazo M23 walitaka zivunjwe watu warudi makwao. Watu wanafungua maturubai, wanakunja, wanafunga vijiti kwa kamba, bibi mmoja amekaa juu ya godoro lililokunjwa anawaamrisha wajukuu. Ardhi yote ni yale mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, yenye makali, huwezi kukimbilia. Kiswahili chao ni kile kitamu cha Kongo, "tunarudia kwetu, lakini kwetu iko wapi", na mpwa wangu anajibu kwa kile chake cha Kongowea na wanaelewana vizuri tu. Hakuna risasi. Picha yenyewe ni ya kawaida, mwanga umemzidi kidogo pale mwanzo, nitamwambia.

Nilivaa hedifoni nikageuza skrini ukutani, kwa mazoea.

Msumeno haupo. Yupo mtoto anayelia mbali, nyundo, turubai linapigwa na upepo, jogoo. Maneno ya bibi yanasikika yote, hadi pale anapowatukana wajukuu kwa mapenzi. Dakika ya pili na sekunde 10 hivi mpwa wangu anaanza kurudi nyuma, nasikia viatu kwenye mawe, na sauti nzito, ya utulivu kabisa, inasema karibu sana na maikrofoni: "Nyuma kuna shimo. Nyuma kuna shimo. Shimo, boss. Shimo!"

Kisha kishindo, na vijana wawili wanacheka, na yule bibi anasema pole, pole baba.

Nimewaandikia kuuliza shimo lilikuwa la kina gani na kama lenzi imepona. Hawajajibu. Alama ni moja tu ya kijivu, nadhani hakuna umeme, au wamelala.